Ranchi ya Mkwaja: ng'ombe waliondoka, samadi ikabaki



Leo sitaandika juu ya mbegu wala viwavijeshi. Nataka nikupeleke matembezini, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Najua utasema hifadhi ni ya wazungu na watoto wa shule. Subiri kwanza. Upande wa kaskazini wa hifadhi hiyo haukuwa pori siku zote. Kwa karibu miaka hamsini ulikuwa ranchi ya ng'ombe, yenye majosho, mabwana mifugo na wachungaji wa kuajiriwa. Ng'ombe hawapo tena, wanyamapori wamerudi, lakini ardhi ile bado inaonyesha wazi yaliyofanyika juu yake. Kwa mfugaji, ni darasa.

Nilikwenda huko na kikundi cha wafugaji ninaowahudumia. Tukiwa njiani mzee mmoja aliniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike: "Bwana mifugo, kama kampuni yenye josho na daktari wake ilishindwa na ng'ombe hapa, sisi wenye ng'ombe sita sita tutaweza wapi?"

Sikumjibu palepale. Nitajaribu kumjibu hapa, lakini lazima tuanze na historia.

Kabla ya ranchi

Saadani ipo pwani, kati ya Bagamoyo na Pangani, mkabala na kisiwa cha Unguja. Leo kijiji cha Saadani ni cha wavuvi, lakini katika karne ya 19 kilikuwa bandari ya misafara. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, vitambaa, shanga na bunduki vikapanda. Watumwa nao walipitishwa huko, na hilo tusilifiche. Mkubwa wa mji alikuwa Bwana Heri, Mzigua aliyekataa kuinamia watu kirahisi. Wajerumani walipokuja kuchukua pwani, alipigana nao kuanzia 1888 hadi alipoweka silaha chini mwaka 1890.

Baada ya hapo biashara ilihama. Reli zilianzia Tanga na Dar es Salaam, zikaiacha Saadani pembeni. Wewe mfanyabiashara zingatia hapo: mji uliokuwa ukipitisha mali kutoka bara ulipungua kwa sababu njia ilibadilika. Bidhaa zilikuwepo, bahari ilikuwepo, ila mzigo ulikuwa unapita kwingine.

Mkonge ukazaa ranchi

Sasa twende kaskazini kidogo, Pangani. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu na vingi vilikufa. Vilivyofika vikiwa hai ni 62 tu, vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 ndiyo yakatokea mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Kufikia miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Mkonge unataka watu: wakataji, wabebaji, wa kiwandani. Watu hao wanataka kitoweo. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, iliyokuwa na mashamba ya mkonge Tanga, ikaanzisha ranchi Mkwaja ili ipate nyama ya kulisha wafanyakazi wake. Hesabu ilikuwa rahisi: mteja yupo, ardhi ipo, nyasi zipo na bahari inaleta mvua.

Eneo lilikuwa zaidi ya hekta 40,000. Ukipenda ekari, ni zaidi ya laki moja. Kwa wakati fulani ranchi ilikuwa na ng'ombe zaidi ya elfu kumi, wengi wao aina ya Boran.

Nyasi zilikuwepo kweli. Lakini kulikuwa na sababu kwa nini wenyeji hawakuwa na makundi makubwa ya ng'ombe pale. Sababu hiyo ni mbung'o, au ndorobo kama wengine wetu tunavyomwita.

Vita na mbung'o

Mbung'o hueneza nagana. Unaijua: ng'ombe anakonda huku anakula, manyoya yanasimama, macho yanakuwa meupe kwa kukosa damu, jike mwenye mimba anatupa. Usipomtibu, anakufa taratibu mbele ya macho yako.

Ranchi ilipambana kwa dawa. Ng'ombe walichomwa sindano za kinga kila baada ya miezi michache, mwaka hadi mwaka. Na dawa ilifanya kazi. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za ranchi hiyo walikuta kwamba Boran wa Mkwaja, wakiwa katikati ya mbung'o, walizaa na kukua kwa kiwango kilichokaribia wenzao wa maeneo yasiyo na mbung'o. Sisi wataalamu wa mifugo tunaikumbuka Mkwaja kwa jambo hilo. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 wakaongeza silaha nyingine: kuogesha ng'ombe kwa deltamethrini, dawa inayoua kupe na pia mbung'o anayetua kwenye ngozi kunyonya damu. Mbung'o walipungua sana.

Kwa hiyo tusiseme walikuwa wazembe. Walikuwa na wataalamu, dawa na daftari. Wengi wetu hata daftari la kuandika tarehe ya sindano hatuna.

Tatizo la njia hii ni kwamba haina mwisho. Mbung'o hajui mpaka. Ukimuua ndani ya ranchi, wengine wanaingia kutoka pori la jirani, na ranchi ilipakana na pori la akiba la Saadani. Ukiacha sindano mwaka mmoja umerudi ulikoanzia. Gharama hiyo unailipa mwaka bei ya nyama ikiwa nzuri, na unailipa mwaka ikiwa mbaya.

Na soko nalo halikusimama. Kamba za nailoni na plastiki zilipoingia duniani, bei ya mkonge iliporomoka. Mashamba yalipungua, wafanyakazi wakapungua, na mteja ambaye ranchi iliundwa kwa ajili yake akapungua pia.

Vichaka vikala malisho

Adui wa pili hakuja kwa mabawa. Alikuja polepole, na huyu ndiye ninayetaka umwangalie vizuri, kwa sababu nimemwona kwenye malisho ya vijiji vingi.

Ni vichaka vya migunga. Kwenye ardhi ile, hasa udongo mweusi wa mfinyanzi, kuna mgunga mmoja wenye miiba, ambao ukiachiwa unajaa kama shamba lililopandwa. Hivi ndivyo unavyoingia. Nyasi zikiwa ndefu huubana mche wa mgunga, na moto wa kiangazi ukipita unauunguza. Ng'ombe wakiwa wengi mahali pamoja wanakula nyasi hadi chini. Mche unapata nafasi na mwanga. Moto nao haupiti tena, kwa kuwa hakuna nyasi kavu za kuubeba. Miaka michache baadaye mche umekuwa mti, na moto hauuwezi tena. Chini ya miti mingi nyasi hupungua, ng'ombe wanasongamana kwenye sehemu zilizobaki wazi, nako wanakula hadi chini. Mzunguko unaanza upya.

Halafu kumbuka mbung'o anapenda kivuli. Kichaka kinachokunyang'anya nyasi ndicho kinachomtunza adui yako wa kwanza.

Kwa hiyo ranchi ikawa na magonjwa upande mmoja na vichaka upande wa pili, na gharama katikati. Mwaka 2000 ikafungwa.

Kutoka ranchi hadi hifadhi

Pori la akiba la Saadani lilikuwepo tangu miaka ya 1960. Ranchi ilipofungwa, ardhi yake iliunganishwa na pori hilo pamoja na maeneo mengine, ukiwemo msitu wa Zaraninge, na mwaka 2005 Saadani ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa, yenye zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Sifa yake kubwa ni kukutana kwa pori na bahari. Asubuhi unaweza kuona twiga na nyati, mchana viboko na mamba katika mto Wami, jioni ukatembea kwenye mchanga. Katika ufukwe wa Madete kasa hupanda kutaga mayai.

Nisiseme kwamba hifadhi ilikuja bila gharama. Vijiji vya jirani vimekuwa na malalamiko ya mipaka kwa miaka mingi, na tembo akitoka usiku hamuulizi mtu shamba hili la nani. Anayelima mpakani anaijua hifadhi tofauti na anayekuja kutembea siku mbili. Ukienda, yakumbuke hayo, na ukipata nafasi zungumza na watu wa vijijini pia, si askari wa hifadhi peke yao.

Palipolala ng'ombe

Sasa nikupe kile tulichokiona.

Tulikuwa tunapita upande wa Mkwaja. Pande zote ni nyasi ndefu, zimeanza kukauka, na migunga imesimama katikati. Ghafla tukatokea mahali pa wazi, nyasi fupi, za kijani, zimelala kama zulia. Ngiri walikuwa wamepiga magoti wanakula. Mwongozaji akasimamisha gari akatuuliza, "Mnadhani kwa nini hapa ni tofauti?"

Yule mzee hakusubiri. "Hapa palilala ng'ombe."

Mwongozaji alicheka, akasema ndivyo. Palikuwa na boma la ranchi.

Mzee hajasoma utafiti wowote, lakini utafiti unasema alichosema yeye. Baada ya ranchi kufungwa, wanasayansi walipima udongo na majani katika maboma ya zamani. Walikuta nitrojeni na fosforasi nyingi kuliko maeneo ya kuzunguka, na nyasi za pale zikiwa na lishe bora zaidi. Wanyama wanaokula majani, ngiri wakiwemo, walikuwa wanazifuata. Ng'ombe walishaondoka miaka kadhaa, ila samadi yao ilikuwa bado inalisha wanyama.

Habari hiyo ni nzuri kwa ngiri. Tuigeuze sasa upande wa pili, maana kwangu huo ndio moyo wa historia nzima ya Mkwaja. Rutuba ile ya kwenye maboma ilitoka wapi? Haikuletwa kwa lori. Ilitoka kwenye malisho. Kila siku ng'ombe walitembea, wakala majani kwenye maelfu ya ekari, kisha jioni wakarudi na kunya mahali pamoja. Miaka hamsini ng'ombe walikuwa wachukuzi: wanabeba rutuba kutoka eneo kubwa na kuimwaga kwenye viduara vidogo. Viduara vikawa tajiri, na kule walikotoa hakuna aliyerudisha kitu.

Ndugu yangu, sasa angalia boma lako. Wewe na mimi tunajua mahali ambapo samadi imefika magotini, mvua ikinyesha inageuka tope, ng'ombe wanasimama humo usiku kucha hadi kwato zinaoza. Na mita mia mbili kutoka hapo kuna shamba la mahindi ya manjano, na mwenye shamba yuko dukani anakopa mbolea. Hiyo ni Mkwaja ndogo.

Jibu langu kwa mzee

Mzee aliuliza: sisi tutaweza wapi? Jibu langu ni kwamba tunaweza jambo moja ambalo ranchi haikuliweza: kurudisha. Ranchi haikuweza kubeba samadi ya ng'ombe elfu kumi na kuisambaza kwenye ekari zaidi ya laki moja. Wewe mwenye ng'ombe sita na ekari tatu unaweza, kwa toroli au mkokoteni. Lakini usipofanya hivyo, udogo wako haukusaidii chochote. Utashindwa kama wao, ila hakuna mtafiti atakayekuja kuandika.

Fanya haya:

1. Hesabu samadi yako. Ng'ombe mkubwa wa kienyeji hutoa si chini ya kilo 10 za samadi mbichi kwa siku, na takriban nusu anaiacha bomani usiku. Ng'ombe sita ni kilo 30 kila usiku, karibu tani 11 kwa mwaka. Sehemu kubwa ni maji, ikikauka zinabaki kama tani mbili. Hizo ukiziweka kwenye mashimo ya kupandia, badala ya kurusha ovyo, zinatosha ekari moja. Kwa miaka mitatu umezunguka ekari zako zote tatu.

2. Iozeshe kwanza. Zoa bomani, rundika kivulini, changanya na mabua na majivu, funika kwa majani au turubai isioshwe na mvua, geuza mara kwa mara. Iliyoiva haina joto wala harufu kali. Kila shimo weka viganja viwili, changanya na udongo, ndipo uweke mbegu.

3. Kama una nafasi, hamisha boma. Baada ya mavuno lazeni ng'ombe ndani ya shamba, na kila baada ya wiki chache sogezeni uzio. Ng'ombe watasambaza samadi na mkojo wenyewe, bila mkokoteni.

4. Pumzisha malisho. Wasukuma wana ngitili: eneo linalofungwa masika ili nyasi zikue, likafunguliwa kiangazi. Zungumzeni kijijini, tengeni lenu. Nyasi zilizopumzika zinaubana mche wa mgunga wenyewe.

5. Ng'oa kichaka kikiwa kichanga. Mche wa urefu wa goti unang'oka kwa jembe siku moja. Ukisubiri miaka mitano utahitaji shoka, na ukisubiri kumi utahitaji fedha ambazo huna. Mbuzi nao wanasaidia, maana wanapenda majani ya vichaka. Moto usiwashe bila kibali cha kijiji.

6. Dawa ya nagana itumie kwa kipimo. Kadiria uzito wa mnyama kwa utepe, si kwa macho. Kugawanya dozi ya ng'ombe mmoja kwa wawili ndiko kunakowazoesha vimelea dawa, halafu siku nyingine haitibu. Dawa ya kinga na ya tiba si kitu kimoja, muulize bwana mifugo wako. Na wewe mwenye duka la pembejeo, usiuze pakiti iliyofunguliwa.

7. Usiwe na mteja mmoja. Hili ni kwa wafugaji na wafanyabiashara pia. Ranchi ilizaliwa kwa ajili ya mkonge, na mkonge ukatikisika. Kama maziwa yako yote yanakwenda kwa mtu mmoja mwenye pikipiki, jiulize leo siku akiugua utauza wapi. Na uandike. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ukitaka kwenda kutembea

Nawashauri mwende kwa kikundi, mchangiane gari na mwongozaji. Nendeni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Masika ule udongo mweusi unashika magari. Beba kitambulisho, kwa sababu Mtanzania analipa kwa kiwango cha chini kuliko mgeni wa nje. Ulizeni bei na namna ya kulipa kabla ya safari, msitegemee kulipa fedha taslimu getini.

Msivae nguo nyeusi wala za bluu iliyokoza. Mbung'o anavutwa na rangi hizo, na mbung'o wa Saadani bado wapo. Mmoja wetu alikwenda na shati la bluu, akarudi anajikuna mpaka nyumbani. Tulimcheka, lakini alielewa vita ya ranchi ile kuliko sisi sote.

Mwombeni mwongozaji awapitishe upande wa Mkwaja, awaonyeshe maboma ya zamani na vichaka vya migunga. Watalii wengi wanataka simba tu. Nyie mwambieni wazi kwamba ni wafugaji na mnataka kuona nyasi. Na nendeni na vijana. Kijana anayedhani kilimo ni adhabu, akiona ardhi inavyotunza kumbukumbu, huenda akaanza kuuliza maswali.

Yule mzee, tuliporudi, alipita kwangu baada ya wiki mbili. Hakusema mengi. Aliniomba nimwazimie toroli la ofisi.

Nakutakia kazi njema. Ukiwa na swali kuhusu boma au malisho yako, nifuate ofisini kata siku za kazi, au nisimamishe njiani kama kawaida yenu.